Mahjub bin Adam: Askari wa Dar es Salaam Aliyefia Kifungoni Sachsenhausen

Historia ya usharika haijengwi kwa matofali na mabati pekee, wala haimaliziki katika orodha ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa. Injili ilifika katika nchi hii katika nyakati zilezile ambazo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika, na mara nyingi ilisafiri katika meli zilezile zilizobeba bunduki na bendera. Kwa sababu hiyo Mkristo wa Kalemela anayetazama nyuma miaka mia moja hana budi kuwakumbuka pia wale ambao historia hiyo iliwachukua, ikawatumia, kisha ikawatupa. Mmoja wao ni Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Hakuwa Mlutheri, alikuwa Mwislamu. Lakini maisha na kifo chake vinawahusu Walutheri wa Tanzania, kwa kuwa alikufa mikononi mwa taifa ambalo kutoka kwake baba zetu walilipokea Neno la Mungu, na alikufa wakati ambapo sehemu kubwa ya kanisa la taifa hilo ilikuwa imefumba kinywa.

Kuzaliwa na malezi

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Wakati huo mji huo ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Wamisionari wa Berlin walikuwa wamekwisha kufika hapo tangu mwaka 1887, na kanisa kubwa la Kilutheri lililo kando ya bandari, linalojulikana siku hizi kama Azania Front, lilikuwa limekamilika miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake. Mwaka uliofuata kuzaliwa kwake, yaani 1905, Vita vya Maji Maji vilianza kusini mwa nchi, na watu wengi sana walikufa kwa risasi na kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa vyakula mashambani.

Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan, mmoja wa wale walioletwa na Wajerumani kuunda jeshi lao la koloni, lililoitwa Schutztruppe. Kwa hiyo Mahjub alikua katika nyumba ya kijeshi. Mtoto wa askari katika siku zile alikuwa na nafasi ambayo watoto wengi wa nchi hawakuwa nayo: alipelekwa shule ya serikali, akajifunza kusoma na kuandika, na akajua Kijerumani angali mdogo. Kufikia mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda huko Lindi. Hivyo tangu utoto wake alifundishwa kwamba njia ya heshima katika dunia ni kuitumikia bendera ya Wajerumani, na kwamba atumikaye kwa uaminifu atapata ujira wake. Fundisho hilo aliliamini maisha yake yote.

Vita Kuu ya Kwanza

Vita vilipozuka mwezi Agosti 1914, baba na mwana waliingia jeshini. Mahjub alikuwa na miaka kumi. Alipokewa kama mwanafunzi wa kikosi cha ishara, kazi iliyohitaji kijana mwepesi wa macho na anayejua kusoma. Leo tungemwita mtoto mpiganaji, na dunia imekwisha kukubaliana kwamba kumtia mtoto vitani ni uovu. Wakati ule hakuna aliyeuliza.

Jeshi hilo liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alikusudia kuwachosha Waingereza kwa kuwavuta huku na huko katika pori na milima ya nchi hii kwa miaka minne. Vita hiyo haikuwa ya Wajerumani na Waingereza peke yao. Waliobeba mizigo, waliokufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa, walikuwa Waafrika. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliopoteza maisha wanakadiriwa kukaribia laki moja. Usukuma nao haukusalimika. Wanaume walichukuliwa kuwa askari na wapagazi, ng'ombe na nafaka zilichukuliwa kulisha majeshi, na mwezi Julai 1916 Waingereza waliuteka mji wa Mwanza, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na huko walifunguliwa wamisionari wa Kiingereza pamoja na walimu wao wa Kiafrika, ambao Wajerumani walikuwa wamewatia kifungoni kwa sababu tu ya kulitumikia kanisa lenye asili ya Uingereza. Ni vema kulikumbuka jambo hilo, maana linaonyesha kwamba katika vita vile ndugu katika Kristo walifungana wao kwa wao kwa ajili ya wafalme wa dunia.

Mahjub alibaki na jeshi lililorudi kusini. Katikati ya Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Lindi, yalitokea mapigano ya siku nne yanayohesabiwa kuwa miongoni mwa makali zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu elfu mbili waliouawa na kujeruhiwa, wengi wao wakiwa askari kutoka Nigeria. Hivyo Waafrika wa magharibi na Waafrika wa mashariki waliuana katika ardhi ya Lindi kwa ajili ya ugomvi uliozaliwa Ulaya. Katika mapigano hayo Mahjub alijeruhiwa, akaangukia mikononi mwa Waingereza, akawa mfungwa wa vita. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Hicho kilikuwa kifungo chake cha kwanza, nacho alitoka akiwa hai.

Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia. Aliporudi Ujerumani alipokewa kama shujaa, na mwezi Machi 1919 aliwaongoza maofisa wake katika gwaride mjini Berlin. Askari wake wa Kiafrika walibaki nyuma. Wengi walikuwa wakidai mishahara ya miezi na miaka, na mikononi walikuwa na vipande vya karatasi tu, au hawakuwa na kitu chochote.

Safari ya kudai ujira

Baada ya vita nchi hii iliwekwa chini ya utawala wa Waingereza na kuitwa Tanganyika. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na sharika changa za Kilutheri zililelewa kwa muda na walimu na wazee wa Kiafrika wenyewe, baadaye zikisaidiwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Mahjub alipata kazi ya uhudumu katika meli. Aliyaona mataifa, akazidi kujua lugha, lakini deni la vita halikumtoka moyoni.

Mwaka 1929 alifika Berlin. Alikwenda katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani kudai mishahara iliyobaki, yake na ya baba yake. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: muda wa kudai umepita, hakuna malipo. Kwa hakika serikali ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuwalipa baadhi ya askari wa zamani huko Tanganyika katika miaka ya 1920, lakini mlango huo ulikuwa umefungwa, na kijana aliyesafiri bahari nzima kuja kuubisha hakufunguliwa.

Msomaji wa Biblia atakumbuka haraka sheria iliyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inayomwagiza mwajiri kumlipa kibarua maskini kabla jua halijachwa, awe ndugu au mgeni. Atakumbuka pia onyo la Yakobo katika sura ya tano ya waraka wake, kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana wa majeshi. Mahjub hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa akidai kilicho chake.

Maisha ya Berlin

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifanya kazi ya uhudumu katika nyumba kubwa ya starehe iliyoitwa Haus Vaterland. Pia alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha mjini humo, kwa ujira mdogo, chini ya mtaalamu Diedrich Westermann, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mmisionari huko Togo. Miongoni mwa waliofundishwa lugha yetu walikuwamo watu waliotazamia kurudi Afrika kama watawala, iwapo Ujerumani ingerudishiwa makoloni yake.

Mwezi Januari 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, wakajaliwa watoto. Mwezi huohuo, tarehe 30, Adolf Hitler alishika madaraka. Ndoa yao ilianza wakati giza lilipokuwa linaingia. Sheria zilizotangazwa Nürnberg mwezi Septemba 1935 zilikataza ndoa na mahusiano kati ya Wayahudi na wale walioitwa wenye damu ya Kijerumani, na katika utekelezaji katazo hilo lilinyooshwa hadi kwa watu weusi. Waafrika waliotoka katika makoloni ya zamani waliona haki zao zikipunguzwa moja baada ya nyingine. Husen alipoteza kazi yake Haus Vaterland mwaka uleule wa 1935 baada ya wenzake kumsengenya kwa wakubwa.

Hapa ukweli wote hauna budi kusemwa, hata ule usiopendeza. Husen hakuwa mpinzani wa utawala ule. Alivaa sare ya askari wa zamani na kusimama katika mikutano ya watu waliotaka makoloni yarudishwe. Alishiriki katika maonyesho ambamo Waafrika walionyeshwa kwa watazamaji ili kuitukuza enzi ya Wajerumani katika Afrika. Aliomba apewe nishani ya heshima waliyopewa wapiganaji wa Vita Kuu, akanyimwa, naye akaitafuta kwa njia yake na kuivaa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 aliomba kuingia jeshini kwa hiari, akakataliwa.

Ni rahisi kumhukumu mtu wa namna hiyo. Lakini yafaa kuuliza kwanza alikuwa na nini kingine. Akiwa mtoto wa miaka kumi aliambiwa kwamba yeye ni askari wa Kaisari. Damu yake ilimwagika Mahiwa. Katika mji mgeni, usio na ukoo wala jirani wa kumtetea, cheti pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba anastahili kuishi ni utumishi ule. Alikuwa akiwaambia kwa sare yake kwamba yeye ni mtu wao. Nao walipenda sare ile, lakini mtu aliyekuwa ndani yake hawakumtaka. Mtunga Zaburi ya 146 anaonya tusiwatumainie wakuu, ambao hawawezi kuokoa. Husen aliwatumainia, na hakuwa wa kwanza wala wa mwisho katika Afrika kufanya hivyo.

Filamu na kukamatwa

Kati ya mwaka 1934 na 1941 Husen alionekana katika filamu zaidi ya ishirini za Kijerumani. Mara nyingi alipewa nafasi ndogo za mtumishi, mpagazi au mhudumu, mtu wa kupita mbele ya kamera akiwa amebeba sinia. Nafasi yake kubwa kuliko zote ilikuwa katika filamu iliyotolewa mwaka 1941 kuhusu Carl Peters, ambamo aliigiza kama kiongozi wa njia wa bwana huyo. Carl Peters ndiye aliyezunguka Usagara, Nguru, Useguha na Ukami mwaka 1884 akiwatia machifu sahihi katika mikataba wasiyoielewa, na ndiye ambaye ukatili wake huko Kilimanjaro ulikuwa mkubwa hata serikali ya Ujerumani yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Utawala wa Hitler ulimsafisha na kumfanya shujaa, na mwana wa Dar es Salaam akatumiwa kuupamba uongo huo.

Filamu hiyo ilihitaji Waafrika wengi kuliko wale walioishi huru Berlin, kwa hiyo hata wafungwa wa vita weusi, waliotekwa wakilitumikia jeshi la Ufaransa, waliletwa kuigiza. Husen, aliyewahi kuwa mfungwa wa vita katika utoto wake, alifanya kazi kando ya wafungwa wa vita wengine. Kabla mwaka huo haujaisha naye alikuwa amefungwa tena.

Katika siku hizo alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani nje ya ndoa yake. Habari zilifika polisi wa siri, yaani Gestapo, na mwezi Agosti 1941 alikamatwa. Kanisa halifundishi kwamba uzinzi ni jambo jepesi, na maisha ya Husen katika eneo hilo hayakuwa bila dosari. Ila yafaa kueleweka wazi kwamba hakukamatwa kwa sababu ya uzinzi. Maelfu ya waume wa Kijerumani walifanya hivyo na kulala majumbani mwao. Yeye alikamatwa kwa kosa lililoitwa kuinajisi damu ya Wajerumani. Maana yake, kosa lake lilikuwa ngozi aliyopewa na Muumba. Hakufikishwa mahakamani kujibu shtaka. Hakuhukumiwa kwa idadi ya miaka. Mwezi Septemba 1941 alipelekwa tu katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Sachsenhausen

Kambi hiyo ilijengwa mwaka 1936 karibu na mji wa Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, mwendo mfupi kwa garimoshi kutoka katikati ya jiji. Kati ya mwaka huo na 1945 zaidi ya watu laki mbili walifungwa humo: wapinzani wa kisiasa, Wayahudi, Wasinti na Waroma, raia wa nchi zilizotekwa, na watu wa imani mbalimbali. Makumi ya maelfu hawakutoka. Waliuawa kwa kazi, kwa njaa, kwa magonjwa, kwa baridi na kwa risasi. Katika majira yaleyale Husen alipoingia, vuli ya mwaka 1941, zaidi ya elfu kumi ya wafungwa wa vita kutoka Urusi ya Kisovieti walipigwa risasi katika kambi hiyo.

Kwa Walutheri jina la Sachsenhausen si geni. Friedrich Weißler, mwanasheria aliyelitumikia Kanisa la Ungamo, aliuawa humo mwezi Februari 1937 baada ya waraka wa kanisa uliomwonya Hitler kuvuja na kuchapishwa nje ya nchi. Mchungaji Martin Niemöller, aliyekuwa ofisa wa manowari katika Vita ya Kwanza kabla ya kuingia katika huduma, alifungwa humo kuanzia mwaka 1938 hadi Julai 1941, ndipo akahamishiwa Dachau. Basi mchungaji alitolewa katika kambi hiyo wiki chache tu kabla ya askari wa Dar es Salaam kuingizwa. Hawakukutana. Wote wawili walikuwa wameitumikia Ujerumani katika vita moja, mmoja baharini na mwingine katika pori la Lindi, na wote wawili walilipwa kwa waya wa miiba.

Ila kuna tofauti isiyopaswa kufichwa. Niemöller alikuwa na watu nyuma yake. Sharika zilimwombea kwa jina, na maaskofu wa nchi nyingine walimtaja hadharani. Husen hakutajwa katika ibada yoyote. Wale wachungaji na Wakristo waliosimama imara, walioungamana huko Barmen mwezi Mei 1934 kwamba Yesu Kristo pekee ndiye Neno la Mungu la kusikilizwa na kutiiwa, walikuwa wachache, na hata wao hawakuwa tayari mara zote kumtetea asiye wa kundi lao. Wengine wengi walichanganya msalaba na bendera ya Hitler, au walinyamaza wakitafuta amani yao.

Husen alidumu katika kambi hiyo kwa miaka mitatu na zaidi. Kwa mtu aliyezaliwa katika joto la pwani, majira matatu ya baridi ya Brandenburg, katika nguo nyembamba za mfungwa na kwa mgao mdogo wa chakula, yalikuwa adhabu ya kifo iliyotekelezwa polepole. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka arobaini. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Aprili 1945, kambi ilikombolewa.

Katika juma lile alilokufa, vijana wa Tanganyika waliovaa sare ya Waingereza walikuwa katika misitu ya Burma wakipigana na Wajapani, na miongoni mwa makumi ya maelfu ya Watanganyika walioitwa katika vita hiyo walikuwamo wana wa Usukuma. Nao waliambiwa kwamba uaminifu wao ungekumbukwa.

Deni lililolipwa Mwanza

Mwezi Oktoba 1945 viongozi wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, Niemöller akiwamo, walikutana Stuttgart na kukiri mbele ya wajumbe wa makanisa ya dunia kwamba kanisa lao lilishiriki hatia ya taifa, kwa kutoungama kwa ujasiri zaidi na kutopenda kwa moyo zaidi. Ungamo hilo halikuwataja watu wa Afrika, lakini lilifungua njia ya toba ambayo baadaye iliweza kuwafikia.

Deni la fedha nalo lilipata sehemu ya jibu, na jibu hilo lilifika karibu sana na Kalemela. Mwaka 1964, mwaka ambao von Lettow-Vorbeck alifariki, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha kwa ajili ya askari wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, na wazee mamia kadhaa wakajitokeza, wengi wao bila cheti chochote. Ofisa wa benki, asijue namna ya kuwatambua waliotumikia kweli, alimpa kila mzee ufagio auchukue kama bunduki, kisha akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita, lakini hakuna aliyekosea. Miili ya wazee hao ilikuwa imetunza amri za mabwana walioondoka zamani. Msikilizaji hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Walichopata wazee wale Mwanza ndicho alichokitafuta Mahjub Berlin mwaka 1929; yeye wakati huo alikuwa na miaka ishirini tangu kufa.

Jina katika jiwe

Kwa muda mrefu jina la Mahjub bin Adam lilikuwa limesahauliwa. Watazamaji wa filamu za zamani waliuona uso wake wasijue ni nani. Mwaka 2007 mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst wa Köln alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo jiwe dogo la kumbukumbu lenye bamba la shaba liliwekwa katika njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ya Brunnenstraße 193 mjini Berlin, alikokuwa ameishi. Mawe ya namna hiyo, yaliyoanzishwa na msanii Gunter Demnig, huandikwa jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa na mahali na siku ya kifo, ili apitaye njiani ainame kidogo kulisoma. Mwaka 2013 filamu ya kumbukumbu juu ya maisha yake, iliyoongozwa na Eva Knopf, ilionyeshwa, na safari hii hakuwa mtu wa kubeba sinia.

Fundisho kwa usharika

Nabii Isaya, katika sura ya 56, anawatangazia wageni na waliokataliwa kwamba Mungu atawapa nyumbani mwake jina lisilokatiliwa mbali. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 13, unawaagiza waaminio kuwakumbuka waliofungwa kana kwamba wamefungwa pamoja nao, wala hausemi kwamba mfungwa huyo lazima awe wa dhehebu fulani au kabila fulani. Kanisa lililopokea mafundisho ya Martin Luther, kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo yake bali kwa neema, lingepaswa kuwa la kwanza kukataa kumpima mtu kwa damu au kwa sare yake. Katika Ujerumani ya miaka ile kanisa hilo lilishindwa, nasi tusidhani kwamba jaribu hilo lilikwisha mwaka 1945. Kila kizazi kina wageni wake, wazee wake wanaoitwa kwa majina mabaya, na vibarua wake wanaoambiwa warudi kesho.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganika kwa makanisa saba, mengi yao yakiwa na mizizi katika kazi ya wamisionari kutoka Ujerumani. Urithi huo una nuru kubwa: Biblia katika lugha zetu, shule, hospitali, nyimbo za ibada. Una kivuli pia. Kumheshimu aliyetuletea nuru hakudai tukifiche kivuli, kama vile kukumbuka kivuli hakudai tuizime nuru.

Mahjub bin Adam aliwaamini watu ambao hawakuwa waaminifu kwake. Alihesabiwa alipohitajika kupigana, na alipodai ujira wake jina lake halikuonekana katika daftari. Yapasa katika mwaka wa shukrani kama huu, majina ya waasisi yanaposomwa madhabahuni na kengele inapogongwa, jina lake nalo litajwe mbele za Mungu, pamoja na askari na wapagazi wote wa Usukuma walioondoka na majeshi ya wageni na ambao ndugu zao hawakupata kujua walizikwa wapi. Bwana anayajua makaburi yao.